Kusuluhisha Migongano ya Leseni katika Programu Huria za Sauti

Ni nadra programu huria ya sauti kuandikwa na mkono mmoja. Huunganisha maktaba nyingi za msimbo, kila moja ikiwa na mwenye hakimiliki wake na masharti yake. Mgongano wa leseni hutokea pale masharti ya maktaba mbili yasipoweza kutimizwa kwa pamoja. Kompyuta haiuoni: programu hufanya kazi barabara, sauti husikika, ilhali aliyeifungasha hana haki ya kumpa mtu mwingine. Kifungu cha 7 cha Leseni ya Umma ya GNU (GPL), toleo la 2, hakina huruma katika jambo hili: asiyeweza kutimiza masharti yote kwa wakati mmoja asisambaze kabisa. Anayeiunda programu na kuitumia mwenyewe, kwa upande wake, hajakiuka lolote.

Programu ya FFmpeg, inayosimba na kusimbua sauti na video, ni mfano unaofaa kwa kuwa waandishi wake wameliingiza suala la leseni katika hatua yenyewe ya kuiunda. Kwa kawaida hutolewa chini ya LGPL, toleo la 2.1 au la baadaye. Anayetaka kuiongezea maktaba za OpenCORE, zinazoshughulikia sauti ya AMR ya simu za mkononi, hukataliwa mpaka atoe amri ya --enable-version3. Maktaba hizo zina leseni ya Apache 2.0, ambayo masharti yake kuhusu hataza hayapatani na GPL toleo la 2, bali yanapatana na toleo la 3 la mwaka 2007. Suluhu yote imo katika maneno machache yanayoruhusu toleo la baadaye. Mradi ulioyaacha maneno hayo hulazimika kuwatafuta wenye hakimiliki wote, wakiwemo waliokwisha kufariki na wasiojulikana waliko.

Maktaba ya FDK AAC ya Fraunhofer haifunguki kwa ufunguo huo. Leseni yake hutamka wazi kwamba haitoi kibali cha hataza, nayo haipatani na toleo lolote la GPL. Ikiunganishwa na sehemu za FFmpeg zilizo chini ya GPL, hudai amri ya --enable-nonfree, na zao lake haliruhusiwi kusambazwa. Hapa dawa ni kubadilisha kijenzi: tangu toleo la 3.0 la mwaka 2016, kisimbaji cha AAC cha FFmpeg yenyewe kinafaa kwa matumizi ya kawaida.

Njia ya tatu, iliyo bora lakini isiyo mikononi mwa mfungashaji, ni mwenye mali kubadili leseni. Xiph.Org ilifanya hivyo mwaka 2001 ilipoihamisha maktaba ya Vorbis kutoka LGPL hadi leseni ya aina ya BSD. Steinberg nayo, baada ya miaka kadhaa ya kutoa VST 3 chini ya GPL toleo la 3 au kwa mkataba wa kibiashara, iliiweka chini ya leseni ya MIT mwaka 2025, hivyo hata programu zilizofungwa kwenye GPL toleo la 2 zikapata nafasi. VST 2, ambayo kampuni hiyo iliacha kuitolea mikataba mipya mwaka 2018, haikuguswa na mabadiliko hayo.