Vijana wa Kilatino Marekani wabebapo familia mabegani

KATIKA familia nyingi za Kilatino nchini Marekani, kijana ambaye hajamaliza shule ndiye mkalimani wa wazazi wake. Husoma barua za serikali, hujibu simu za kampuni ya stima na kuandamana na mama yake hospitalini ili amweleze kwa Kihispania yale anayosema daktari kwa Kiingereza.

Wataalamu huuita moyo huo 'familismo', neno la Kihispania lenye maana ya kutanguliza jamaa kabla ya nafsi. Mtoto hukua akijua kwamba kulea wadogo zake na kusaidia kazi za nyumbani ni wajibu wala si hisani.

Profesa Andrew Fuligni wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, amechunguza suala hili kwa miaka mingi. Katika utafiti uliochapishwa 1999, yeye na wenzake walibaini kuwa vijana wenye asili ya Amerika ya Latini na Asia waliuthamini wajibu huo kuliko wenzao wenye asili ya Ulaya.

Mwaka wa 2009, Fuligni na Eva Telzer walionyesha kwamba kazi hiyo si lazima iwe mzigo. Vijana waliohisi kuwa wametimiza wajibu wao kama wana wema walikuwa na furaha zaidi.

Hata hivyo, msaada huo una gharama. Kijana anayeshinda hospitalini hukosa masomo. Aidha, kumtafsiria mzazi habari za maradhi yake ni jambo zito, na neno moja likikosewa, dawa yaweza kutumiwa visivyo.

Ndiyo sababu kanuni za afya za Marekani za mwaka wa 2016 zilikataza hospitali zinazopokea fedha za serikali kuwategemea watoto kama wakalimani, isipokuwa katika dharura.

Isitoshe, aliyezoea kusaidia huenda akaona haya kuomba msaada. Huficha dhiki yake asije akawaongezea wazazi mashaka.

Hapo ndipo shangazi, binamu na wazazi wa ubatizo, ambao katika jamii hizo huhesabiwa kuwa jamaa kamili, huwa kimbilio. Mwalimu naye, kabla ya kumwita mwanafunzi mzembe kwa kuchelewa, yafaa kwanza aulize alikotoka asubuhi hiyo.