Gari bingwa lisilouzwa Australia

Brodie Kostecki alitwaa ubingwa wa mbio za magari za Supercars za Australia mjini Adelaide, Novemba 2023, akiendesha Chevrolet Camaro. Shabiki aliyetoka uwanjani siku ile na fedha mkononi asingeipata Camaro mpya katika yadi yoyote nchini humo. Biashara ya kuhamishia usukani wake upande wa kulia ilifungwa mwaka 2020, na wiki chache baada ya taji la Kostecki kiwanda cha Lansing, Michigan, kikatoa Camaro ya mwisho.

Ajabu hiyo ni kubwa zaidi ukikumbuka kwamba mbio hizi zilianzishwa kwa ajili ya kuuza magari. Mashindano makuu yalihamia Bathurst, New South Wales, mwaka 1963 yakiwa mtihani wa magari ya kawaida ya dukani, na watengenezaji waliamini kwamba gari lililoshinda Jumapili ndilo wateja watakaloliulizia Jumatatu. Leo mashindano hayo ni mizunguko 161 ya kilomita 6.213 kwenye Mlima Panorama, njia ambayo siku zisizo na mbio ni barabara ya umma yenye ukomo wa kilomita 60 kwa saa. Kanuni za 1993 ziliwajengea ufalme Ford Falcon na Holden Commodore, sedani zenye injini za V8 za lita 5. Mtu alirithi upande wake kwa baba, kama wengine wanavyorithi Simba au Yanga.

Kisha viwanda vikafungwa. Ford ilizima mitambo yake ya Victoria Oktoba 2016. Toyota na Holden zikafuata Oktoba 2017. Februari 2020, General Motors, mmiliki wa Holden, ikatangaza kuliua jina hilo lenyewe. Mustang ilikuwa imeshachukua nafasi ya Falcon mwaka 2019, lakini Commodore iliendelea kukimbia hadi mwisho wa 2022, ikiwakilisha chapa iliyokwisha kuzikwa. Na hata Commodore hiyo ya mwisho barabarani ilikuwa ikiagizwa kutoka Ujerumani.

Msimu wa 2023 ndio uliofungua ukurasa mpya. Magari 25 yalijipanga, Camaro 14 na Mustang 11, yote ya kizazi kilichoitwa Gen3. Lengo la waandaaji lilikuwa kupunguza gharama: fremu moja kwa wote, giaboksi moja, injini zenye lakiri kutoka kwa msambazaji mmoja kwa kila chapa, ili timu ndogo isifilisike ikiwafukuzia wakubwa. Kwa kipimo hicho matokeo yalitia moyo. Erebus, timu ya Betty Klimenko, ilibeba ubingwa wa dereva na wa timu kwa pamoja, mbele ya Triple Eight, iliyokuwa na jukumu la kuiandaa Camaro kwa niaba ya General Motors.

Lakini ukiyafanya magari yafanane, hata tofauti ndogo iliyobaki inageuka kesi. Mustang ilikuja na injini ya lita 5.4, Camaro ya lita 5.7, na maumbo yao hayakati upepo kwa namna moja. Kambi ya Ford ililalamika karibu msimu mzima kwamba inaonewa, mabawa na mikia ikarekebishwa katikati ya msimu, na hatimaye magari yote mawili yakapelekwa kwenye handaki la upepo North Carolina, Marekani. Gharama ya safari kama hiyo haikuwamo katika hesabu za kubana matumizi. Kwa Ford hayakuwa malalamiko ya kimichezo tu. Kampuni inayolipa ili ionekane haiwezi kukubali kuonekana ikishindwa kwa sababu ya kanuni.

Sasa kinauzwa nini? Jibu ni pikapu. General Motors ilibaki Australia kupitia kampuni ndogo ya GMSV, na mzigo wake mkubwa ni Chevrolet Silverado inayogeuzwa usukani Melbourne. Camaro ilikuwa bango linalotembea la jina Chevrolet. Ford nayo inauza Mustang, ila gari lililoongoza mauzo ya nchi nzima mwaka 2023 lilikuwa Ranger, pikapu ileile inayoonekana Dar es Salaam na Nairobi, ambayo wahandisi wa Australia ndio walioisanifu, ingawa inaunganishwa Thailand na Afrika Kusini.

Bado mabango hayalipi kila kitu. Haki za matangazo wanazo Fox Sports na Channel Seven. Mdhamini mkuu wa ligi tangu 2021 ni Repco, maduka ya vipuri, na mimi nauona mkataba huo kuwa wa akili kuliko yote: Falcon na Commodore hazitengenezwi tena, ila ziko nyingi barabarani na kila moja inahitaji pampu, breki na pedi. Umiliki wenyewe ulibadilika mwaka huohuo wa 2021, Archer Capital ilipouza kwa kundi la wawekezaji liitwalo RACE.

Mfuko mwingine ni wa serikali za majimbo. Mbio za mitaani hudai kuta za zege, majukwaa na kufunga barabara, gharama ambazo tiketi pekee hazizibebi. Serikali ya Australia Kusini iliifuta Adelaide 500 mwaka 2020; Peter Malinauskas akaahidi kuirudisha, akashinda uchaguzi wa 2022, na mbio zikarudi Desemba ileile. Newcastle, ulikoanzia msimu wa 2023, mambo yalikwenda kinyume. Wakazi na wafanyabiashara wa katikati ya mji waligawanyika juu ya kero na faida, mkataba mpya haukupatikana, na ule ukawa mwaka wa mwisho.

Waandaaji walipoteza pia bidhaa isiyotengenezwa kiwandani. Julai 2023 Shane van Gisbergen, bingwa mara tatu, alialikwa kujaribu mbio za NASCAR mitaani Chicago na akashinda siku yake ya kwanza. Mwaka uliofuata akahamia Marekani, kwenye soko ambalo Supercars haiwezi kushindana nalo kwa mishahara.

Septemba 2024 Toyota ilitangaza kwamba ingeingia na GR Supra kuanzia 2026. Hadi wakati huo Toyota ilikuwa imeongoza soko la Australia kila mwaka tangu 2003 bila kushiriki Supercars, na hilo ndilo linaloipa nguvu mezani: Ford na General Motors zilirithi mbio hizi pamoja na mashabiki wake, ilhali mgeni huyu anaweza kuzipima kwa hesabu tupu za matangazo, na kuondoka zisipolipa, kama Volvo na Nissan walivyofanya kabla yake.