Panya wa Mdomo wa Chuma na Mfalme Aliyengoja Maji

Kilwa ilianzia kwa panya. Sisemi mimi, inasema tarikh ya mji wenyewe, Kitab al-Sulwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu mwanzoni mwa karne ya 16. Sultani wa Shirazi alilala, akaota panya mwenye mdomo wa chuma akiguguna ukuta wa mji wake. Alipoamka akajua nchi imekwisha. Mwingine angeongeza ukuta, au angefuga paka. Yeye akawaita wanawe sita, akawaambia tunahama.

Lakini sultani haondoki hivi hivi. Mawaziri wangemshika kanzu. Basi akala njama na mwanawe mkubwa. Kesho yake, mbele ya wakuu wote, baba atamtukana mwana. Mwana atakasirika na kumpiga baba. Baba atasusa, na kususa kutakuwa ndiyo sababu ya safari. Ikawa hivyo. Merikebu saba zikang'oa nanga, ya sita ikafika Kilwa. Kwa mujibu wa tarikh hiyo, dola iliyokuja kushika biashara ya dhahabu ya Sofala na kupiga sarafu zake yenyewe ilitokana na kofi la maigizo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Kilwa Masoko, na darasa langu liko Lindi mjini. Vijana wakisikia neno "utenzi" au "tarikh" hukaa kama wako msibani. Wamezoeshwa kwamba habari za mashujaa na maajabu ni za kuheshimiwa tu. Mimi huwaambia watafute kicheko kwanza, na huwaonyesha pa kukitafutia: pale jambo kubwa linapokutana na shida ndogo ya kila siku. Shujaa ana nguvu za watu mia, sawa, lakini chakula chake nani anapika?

Fumo Liyongo ana jibu. Katika utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, jabali huyu anatembea na mkoba, na mkoba ukifunguliwa vinatoka kinu na mchi, mawe ya kusagia, vyungu na mafiga. Mtu anayemkosesha usingizi sultani wa Pate amebeba jiko zima. Mtunzi angetuambia tu kwamba Liyongo alikuwa na nguvu, tungesahau kabla ya ubeti unaofuata. Mafiga hayasahauliki.

Turudi Kilwa. Mgeni wa merikebu ile ya sita, Ali, aliposhuka alikuta kisiwa kina mwenyewe, mfalme asiye Mwislamu, ambaye siku hizo alikuwa bara akiwinda. Aliporudi wakapatana bei kupitia Mwislamu mmoja mkaazi wa pale, aliyekuwa mkalimani: nguo za rangi za kukizunguka kisiwa chote. Hapa nawaambia wanafunzi wafunge daftari la fasihi, wafungue la hesabu. Khanga moja ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Kilomita moja tu ya ufuko inakula doti zaidi ya 300, na Kilwa Kisiwani haizungukwi kwa kilomita moja. Nguo za kale zilikuwa na vipimo vyake, lakini swali linabaki. Tena kuna mikoko: nani aliyeingia topeni na ncha ya jora? Na kipimo kilichukuliwa saa ngapi? Mnunuzi angependa maji yajae, kisiwa kinywee. Muuzaji angeng'ang'ania kungoja bamvua lipwe.

Nguo zikatandazwa, mfalme akazizoa, akavuka nazo bara, moyoni akipanga kurudi na jeshi. Hakuona ugumu, maana enzi hizo maji yakipwa watu walivuka kwa miguu. Mkalimani akamtonya mgeni, wakauchimba mkondo. Siku ya vita mfalme alipofika kivukoni alikuta maji yamejaa. Akangoja yapwe. Hayakupwa. Akangoja tena. Mwishowe akarudi kwake na majuto yake.

Mtu wa pwani hii hachekeshwi na ule mkondo; anachekeshwa na kule kungoja. Mama anayechokoa pweza na kijana wa mashua pale gatini Masoko wanajua kwamba baada ya saa sita hivi maji huwa yamekwisha kugeuka. Nikisimulia, huwatia askari ufukoni. Mmoja anauliza watakula nini, wa pili anajibu bado kidogo, wa tatu amechomeka kijiti mchangani na kila mara anakwenda kukitazama. Tarikh haina askari hao. Ni wa kwangu, na sioni haya, maana bila wao wasikilizaji hawaoni urefu wa siku ile.

Mwaka mmoja binti wa mvuvi aliuliza, "Mwalimu, kwani hakuwa na mtumbwi?"

Darasa liliangua kicheko, lakini swali lile lilikuwa kubwa kuliko somo langu. Uchimbaji wa mwanaakiolojia Neville Chittick, aliouchapisha kitabuni mwaka 1974, ulionyesha kwamba Kisiwani palikaa watu kabla ya masultani wa Kishirazi, watu waliokula samaki na kutengeneza shanga za makombe. Mfalme wa watu hao akose chombo cha kuvukia? Mtumbwi haukupotea. Umeondolewa na msimulizi ili tucheke, na msimulizi ni wa upande wa walionunua. Kicheko kinamfanya mwenye nchi aonekane mshamba wa bahari, na ukishacheka huulizi tena kama bei ilikuwa ya haki.

Habari za Kilwa kwa Kiswahili, alizozichapisha Mjerumani Carl Velten mwaka 1907, zinacheka kwa namna nyingine. Humo mfalme ana jina, anaitwa Mrimba, na mgeni ni mkwewe, amemwoa binti yake. Bahari inazuiwa kwa kisomo cha Kurani. Halafu anazaliwa mjukuu, na kisiwa kinaangukia kwake. Vita vya mataifa vimegeuka ugomvi wa ukoo. Kwetu babu na mjukuu ni watani, kwa hiyo babu aliyepokonywa kisiwa namna hii anaweza kuchekwa bila kudharauliwa.

Kuna pahali pengine ambapo kicheko kinakatika ghafla. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Anasimulia fakiri wa Yemen aliyemkabili sultani baada ya sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa, tena saa ile ile. Sultani akarudi, akaingia kwa khatibu, akabadili, akampa. Fakiri akazifunga, akajitwika kichwani, akashika njia. Hadi hapo darasa lina raha. Kisha mwana wa sultani anazikomboa nguo kwa watumwa kumi, na sultani mwenyewe anaongeza watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe. Mwanafunzi wa kutoka Kivinje, ambako misafara ya watumwa iliishia karne ya 19, haelezwi zaidi. Utani wa nguo ulituleta karibu, tukajikuta tunawatazama watu ishirini waliotolewa kama chenji.

Sultani alipofariki alirithiwa na nduguye Daud. Mwombaji akija, Daud alimjibu kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni walikaa miezi wakingoja, wakapata kidogo, mwisho wakaacha kuja.

Mwisho wa muhula wanafunzi wengi wameshasahau ni yupi al-Hasan na ni yupi Ali, lakini Daud wanamjua wote, na jibu lake wanarushiana kila mmoja akiombwa hela ya maandazi. Kichekesho ndicho kinachofika nyumbani jioni kikasimuliwa upya. Ndiyo maana nawasihi, wanapocheka, watazame nani amebebwa humo. Mrimba amebebwa karne nyingi kama mfalme asiye na mtumbwi, na aliyemrudishia mtumbwi wake ni binti wa mvuvi.