GARI LA UMEME LIJE, LAKINI UMEME UTANGULIE



Siku hizi habari za magari ya umeme zimejaa midomoni mwa wakubwa. Katika bajeti ya mwaka 2024 serikali ya Zambia ililegeza ushuru wa forodha kwa magari hayo. Sisi wa chama hatupingi. Tangu ruzuku ya mafuta ilipoondolewa Desemba 2021, kila mfanyakazi anajua nauli inakula kiasi gani cha mshahara wake. Lakini ni wajibu wetu kuuliza: sera hii inamfikia nani?

Tutazame hapa Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru. Asubuhi sokoni Kashikishi mchukuzi wa samaki ana baiskeli. Mwenye nafuu ana pikipiki. Mvuvi ananunua petroli kwa kidumu kwa ajili ya mashine ya boti. Samaki wanapanda lori kwenda Mansa, kilomita zaidi ya 200, na wengine mpaka miji ya migodi. Katika watu hao ni nani anayeagiza gari jipya kutoka ng'ambo? Ushuru ukipungua, anayepata nafuu ni yule mwenye uwezo wa kuagiza.

Jambo la pili ni umeme wenyewe. Sehemu kubwa ya umeme wa Zambia hutokana na maji, hasa Kariba na Kafue. Mvua zilipokosekana, Rais Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa tarehe 29 Februari 2024. Mwaka huo sehemu nyingi za nchi zilikaa bila umeme zaidi ya saa 17 kwa siku. Muuza samaki asiye na barafu huona mtaji wake ukioza. Umeme ukirudi kwa saa chache usiku, nani atangulie: barafu, kinu cha unga, zahanati, au betri ya gari?

Hatusemi kwamba haiwezekani. Mjini Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya za kubeba abiria zinazosajiliwa ni za umeme tu. Dereva hangoji betri ijae. Huacha iliyokwisha na kuchukua iliyojaa. Huku kwetu basi tuanze na pikipiki na boti, na vituo vya nguvu za jua vinavyomilikiwa na ushirika. Jua linalokausha chisense wetu halina mgao.

Jambo la tatu ni kubwa kuliko yote. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, inayotiwa katika betri nyingi za magari, hutoka Kongo, nchi tunayoitazama ng'ambo ya ziwa hili. Aprili 2022 Zambia na Kongo zilitia sahihi mapatano ya kushirikiana katika kazi ya betri za magari ya umeme. Wazee wa Luapula wanakumbuka kwamba Mansa palikuwa na kiwanda cha betri, na watu wa mkoa huu walikula jasho lao pale. Kilifungwa miaka ya 1990. Leo tunaambiwa tena habari za betri. Je, safari hii tutazitengeneza, au tutachimba mawe na kuuziwa betri?

Kwa hiyo, ndugu, mikutanoni tudai haya. Kwanza, nafuu ya ushuru ifike kwenye pikipiki, boti na basi la wafanyakazi. Pili, mwajiri akibadili magari, madereva na mafundi wa dizeli wafundishwe kazi mpya, wasifukuzwe. Na akiba ya mafuta ionekane katika mkataba wa mshahara. Tatu, viwanda vya betri vijengwe penye madini na penye wafanyakazi, na chama kiwemo tangu siku ya msingi.

Anayengoja kuletewa huletewa makombo. Tuseme sasa, kwa sauti moja.

Umoja ni nguvu.