Ukibadilisha njia ya hewa, iambie kompyuta

Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 na Richard Burns akafuatia mwaka 2000, wote wakiendesha Subaru Impreza. Tangu enzi hizo gari hilo lina mashabiki wengi Nairobi, na mapenzi hayo yamefika Kampala na Dar es Salaam. Anayenunua Impreza ya WRX au STI iliyotumika Japani hakawii kuanza kulifungia vitu: kichujio cha hewa kilicho wazi, vali ya upepo inayopiga mluzi, ekzosi pana, springi fupi. Sina ugomvi na hamu hiyo. Ninachopinga ni utaratibu wenyewe. Kinachosikika na kuonekana hununuliwa kwanza, na kinachoilinda injini huachwa mwisho au kisinunuliwe kabisa.

Chukua njia ya hewa. Nyuma ya kichujio kuna sensa ndogo yenye waya unaopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita huupoza waya huo, na kwa kupima umeme unaohitajika kuurudishia joto, kompyuta hujua ni hewa kiasi gani imeingia na imwage petroli kiasi gani. Hesabu hiyo ilipangwa kiwandani kwa bomba la upana fulani. Ukifunga bomba pana zaidi, hewa ile ile hupita polepole mbele ya waya. Sensa husoma pungufu, petroli hutoka pungufu, na turbo inaendelea kusukuma kwa nguvu zake zote.

Dereva hasikii kitu. Pengine hata ataona gari limechangamka, kwa sababu kiwandani injini za turbo hupewa petroli ya ziada ili kupoza silinda, na ikipungua kidogo nguvu huongezeka. Lakini joto ndani linapanda, mpaka sehemu ya mchanganyiko inalipuka yenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio, na kila mlipuko unaipiga pistoni. Kwenye injini za Subaru za EJ25 za turbo, mahali panapojulikana kuvunjika ni ule ukingo mwembamba wa pistoni ulio kati ya ringi na ringi. Baada ya hapo gari huanza kula oili, moshi wa bluu hutoka, na kompresheni ya silinda moja hushuka. Wakati huo kichujio cha bei nafuu kimeshageuka kuwa gharama ya injini nzima.

Vali ya mluzi huleta tatizo la upande wa pili. Vali ya kiwandani, dereva anapoachia mafuta ili abadilishe gia, huirudisha hewa iliyobanwa kwenye bomba la kuingilia, baada ya sensa, kwa kuwa hewa hiyo imeshahesabiwa. Vali inayoimwaga nje huiacha kompyuta ikitoa petroli kwa ajili ya hewa ambayo haipo tena. Gari linasita kati ya gia, plagi zinakuwa nyeusi, na petroli isiyoungua inakwenda kuwakia kwenye ekzosi na kuichoma katalisti. Vijana husimama barabarani kushangilia milipuko hiyo. Mimi nikiisikia, nasikia petroli inayopotea na katalisti inayokufa.

Ekzosi pana nayo ina siri yake. Turbo hudhibitiwa na kijimlango kinachopitisha moshi pembeni presha inapofika kiwango. Ukiufungulia moshi njia kubwa ya kutokea, kijimlango kile kidogo huzidiwa injini inapozunguka kasi sana, na presha huendelea kupanda hata kama hakuna aliyeigusa. Kompyuta ya Subaru ina kinga: presha ikizidi, inakata petroli. Kuna wanaofunga kifaa cha kuidanganya sensa ili kinga hiyo isifanye kazi. Huko ni kuiua injini kwa makusudi, na fundi anayekubali kazi hiyo anastahili kulaumiwa pamoja na mwenye gari.

Huku kwetu kuna mambo mawili ya kuongeza. STI ya soko la Japani ilipangwa kwa petroli ya huko yenye oktani inayokaribia 100, na petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Kwa hiyo hata kabla hujafunga chochote, akiba ya usalama imeshapungua. Pili, Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Gari lililopangwa Nairobi kwa presha ya geji tu, likiteremka Mombasa hukuta hewa nzito zaidi, na kwa presha ile ile ya geji injini hubeba mzigo mkubwa kuliko ule uliopimwa.

Chini ya gari mambo hayana kelele, ila yanauma mfukoni. Matairi manne ya gari linalovuta kwa magurudumu yote yanapaswa kulingana. Subaru hutaka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi. Ukifunga mawili mapya mbele na kuacha mawili yaliyoliwa nyuma, difu ya katikati inafanya kazi hata barabarani pakiwa pamenyooka, mpaka inachoka. STI za kuanzia 2005 zina rimu za 5x114.3, za zamani zina 5x100. Tundu la katikati la habu ni milimita 56.1, na rimu yenye tundu kubwa bila ringi ya kuziba nafasi huleta mtetemo. Ukifupisha springi mno, gari hukaa chini lakini linaweza kulala zaidi kwenye kona, kwa sababu pembe za mikono ya chini zimeharibika. Matuta yetu yatamalizia shokapu.

Kwa hiyo anza na kipimo cha kompresheni cha silinda zote nne. Badilisha mipira ya upepo iliyopasuka. Funga geji ya presha na ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Kisha ongeza kifaa kimoja kwa wakati, uendeshe, usome geji, ndipo ufikirie kingine. Kila kinachogusa hewa, moshi au petroli kifuatwe na rimapu, yaani kupanga upya hesabu za kompyuta, kwa petroli utakayokuwa ukijaza siku zote. Pesa ikitosha kifaa lakini isitoshe rimapu, subiri. Na fundi akimaliza, mwambie akuonyeshe vipimo vya mchanganyiko na vya kugonga kwa injini kabla hujalipa. Asipokuwa navyo, usikanyage mafuta. Lipeleke gari kwa mwingine.