Jibini la Njombe Liliwe Njombe

Mkoa wetu unalisha miji. Viazi mviringo, mahindi, maharage na parachichi vinashuka kwa malori kuelekea Dar es Salaam. Ng'ombe wa maziwa wanastawi kwenye baridi hii, na tuna kiwanda cha maziwa kilichoanzishwa kwa ushirikiano wa wafugaji na shirika la CEFA la Italia, kinachotengeneza mtindi na jibini. Pamoja na neema hiyo yote, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kitaifa ni kama asilimia 30. Mimi ni afisa lishe. Takwimu hiyo naikuta kliniki, kwenye kibao cha kupimia urefu: mtoto ametimiza miaka mitatu, kimo chake cha miaka miwili.

Watoto hawa hawalali njaa. Wanashiba, ila wanashiba ugali na viazi, asubuhi uji mtupu, jioni ugali tena kwa mboga za majani. Udumavu una mizizi mingi, kuanzia kuhara na minyoo hadi mama anayeshinda shambani kutwa huku ana mimba. Lakini sahani ni jambo tunaloweza kulibadilisha leo, na ndiyo maana nalitetea jibini, chakula ambacho majirani zangu wengi wanaamini ni cha hotelini na cha wageni.

Kilo moja ya jibini gumu hutoka kwenye takriban lita 10 za maziwa. Maji yameondoka, vilivyobaki ni protini, mafuta na madini. Kipande cha gramu 30, ukubwa wa kiberiti hivi, kina protini kama gramu 7, zaidi kidogo ya yai moja. Kina pia kalsiamu ya takriban miligramu 200, yaani sehemu ya tano ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Ongeza vitamini B12, ambayo mahindi, viazi na maharage havina kabisa. Kwa mtoto mdogo nusu ya kipande hicho inatosha, ikikunwa juu ya viazi vilivyopondwa au ikichanganywa kwenye maharage ya moto hadi iyeyuke.

Meno nayo yanafaidika. Ukitafuna jibini baada ya chai ya sukari, mate huongezeka, asidi mdomoni hupungua, na kalsiamu na fosforasi hulinda ganda la jino. Kwa nyumba ambako watoto wanapewa pipi ili wanyamaze, hilo si jambo dogo.

Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji huwa tunawasha jiko nje ya zahanati. Lita mbili za maziwa zinachemka, yakianza kupanda tunaepua, tunamimina maji ya limau kidogo kidogo huku tukikoroga taratibu. Mara maziwa yanakatika: mabonge meupe yanajitenga na maji ya rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani. Tunachuja kwa kitambaa safi, tunakamua, tunayagandamiza mabonge kwa sufuria iliyojaa maji. Linabaki jibini laini la kama robo kilo. Bibi mmoja alilitafuna, akanishika mkono: "Mjukuu wangu, kumbe ni maziwa yetu haya haya!" Ndiyo, bibi, ni yale yale. Jibini hilo lina protini nzuri, ila limau huyeyusha sehemu ya kalsiamu, ikaondoka na yale maji. Kwa hiyo msiyamwage, yapikieni uji.

Jibini gumu la kiwandani huhifadhi kalsiamu vizuri zaidi, kwa sababu hugandishwa kwa kimeng'enya ambacho zamani kilitoka kwenye tumbo la ndama na siku hizi mara nyingi hutengenezwa kwa vijidudu. Na lile la rangi ya machungwa linalouzwa madukani lisikutishe: rangi hiyo kwa kawaida hutoka kwenye mbegu za mzingefuri, mmea unaolimwa kwa majirani zetu, Pwani ya Kenya, Kwale.

Wapo watakaosema, "Maziwa yananivuruga tumbo." Nawaamini. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Tanzania, Kenya na Sudan, ukionyesha kwamba jamii za wafugaji zina mabadiliko ya kijenetiki yanayowawezesha watu wazima kumeng'enya sukari ya maziwa. Wengi wetu wa jamii za wakulima hatuna. Kwenye jibini gumu lililokomaa, sehemu kubwa ya sukari hiyo imeondoka na maji, na iliyobaki imeliwa na bakteria. Asiyeweza glasi ya maziwa mara nyingi anaweza kipande cha jibini bila tumbo kujaa gesi.

Sasa mafuta na chumvi. Karibu theluthi moja ya jibini gumu ni mafuta, na mengi ni yale ya kuganda. Tafiti zilizolinganisha jibini na siagi yenye mafuta kiasi kile kile zimeona lehemu mbaya inapanda kidogo zaidi kwa walaji wa siagi. Inadhaniwa kalsiamu hunasa sehemu ya mafuta na kutoka nayo. Hata hivyo, kipande kichukue nafasi ya soseji au siagi, kisipandishwe juu ya chipsi. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, na kipande hicho huweza kuwa na nusu gramu au zaidi. Mwenye presha apunguze chumvi kwenye mboga. Mjamzito asiguse jibini la maziwa mabichi, maana bakteria wa brusela na listeria huharibu mimba.

Kuna jambo moja ambalo nalisema kwa sauti hapa mkoani kwetu, ambako wengi wanaoishi na VVU hupewa isoniazidi kuzuia kifua kikuu. Jibini lililokomaa lina kemikali iitwayo tiramini, na dawa hiyo huzuia mwili kuivunja. Mtu anaweza kuumwa kichwa, uso ukawaka, moyo ukaenda mbio. Dawa usiiache. Weka jibini pembeni, kula yai au maharage, zungumza na mhudumu wako, na dozi ikiisha urudi kwenye kipande chako.