Mtambo, Kiasi na Marisau: Msamiati wa Kiswahili na Bunduki za Kale za Kuwindia Ndege

Miongoni mwa nyanja ambazo kamusi za Kiswahili zimezitendea haki nusu nusu ni ile ya silaha za moto. Maneno yamo, tena mengi, lakini yametawanyika bila kupangwa, na mara nyingi fasili moja hubebeshwa vitu vitatu vinavyotofautiana. Makala haya yanachukua silaha ya namna moja tu, yaani bunduki ya midomo miwili yenye mitambo ya nje, iliyotumiwa kuwindia ndege katika nyanda za juu za Uingereza na Uskoti tangu katikati ya karne ya 19, na kuchunguza ni kwa kiasi gani Kiswahili kinaweza kuieleza kwa maneno yake chenyewe.

Historia ya silaha hiyo imefungamana na ndege tangu mwanzo. Bunduki ya gumegume ilikuwa na ila moja kubwa: jiwe lilipogonga chuma, baruti ya kwenye kisahani iliwaka kwanza na kutoa mmweko, na ndege aliyeuona aligeuza njia kabla marisau hayajamfikia. Alexander John Forsyth, kasisi wa Belhelvie karibu na Aberdeen aliyependa mno kuwinda, alichoshwa na jambo hilo akabuni njia ya kuwasha baruti kwa unga unaolipuka ukigongwa. Alipewa hataza mwaka 1807. Kutokana na wazo lake ikapatikana fataki, kile kikombe kidogo cha shaba kinachogongwa na mtambo. Katika miaka ya 1830 Casimir Lefaucheux wa Ufaransa akapata hataza ya bunduki inayokunjuka katikati na kutiwa kiasi kwa nyuma. Bunduki ya namna hiyo ilionekana katika Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851, na haukupita muda mrefu mafundi wa Kiingereza wakaishika na kuifanya yao. Mwaka 1875 Anson na Deeley, katika karakana ya Westley Richards mjini Birmingham, waliuficha mtambo ndani ya mwili wa bunduki. Kwa mafundi wengi mambo yakaishia hapo, lakini si kwa wawindaji wote. Mfalme George wa Tano aliendelea kutumia bunduki za Purdey zenye mitambo ya nje hata baada ya wenzake kuziacha. Lord Ripon, aliyehesabiwa kuwa mpigaji hodari kuliko wote wa zama zake, na ambaye hesabu ya wanyama na ndege aliowaua ilipita nusu milioni (idadi ambayo msomaji wa leo ataipokea kwa mshangao zaidi kuliko sifa), alifia kwenye uwanja wa kuwinda mwezi wa Septemba 1923.

Ndege waliowindwa huko juu ni hasa *Lagopus scotica*, ndege wa rangi ya kutu, wa ukoo mmoja na kwale na tombo, aishiye katika vichaka vifupi vya milimani. Msimu wake huanza tarehe 12 Agosti na kwisha tarehe 10 Desemba. Zipo njia mbili za kumwinda. Ya kwanza ni kusimama mahali pamoja huku waswagaji wakiwafukuza ndege kuwaelekeza kwa wapigaji. Ya pili, ambayo ndiyo inayohusu zaidi makala haya, ni kutembea na mbwa anayenusa kisha akasimama kama sanamu, pua ikielekea alipo ndege. Mwindaji husogea, ndege huruka ghafla kwa kishindo cha mabawa, na katika nukta hiyo moja kidole gumba hupanza mtambo, kitako hufika begani, na kidole cha shahada hufyatua.

Hapa ndipo lugha inapoanza kuwa na kazi. Kile kipande kinachoinuliwa kwa kidole gumba, Wajerumani hukiita jogoo, Wafaransa hukiita mbwa, na Waingereza, waliokuwa nao wakikiita jogoo, baadaye wakakiita nyundo. Wote hao walitazama umbo: kinachodonoa, kinachong'ata, kinachogonga. Waswahili hawakutazama umbo bali tabia. Walikiita mtambo, neno linalotaja kitu chochote chenye kukazwa kikangoja kufyatuka. Kwa sababu hiyo kitenzi cha mtego na cha bunduki ni kimoja, *fyatua*, ambacho leo kimesafiri hadi kwenye matofali. Vivyo hivyo mdomo wa chuma uliitwa kasiba, neno la Kiarabu lenye maana ya unyasi, na pia mwanzi. Maneno mawili ya asili mbili, taswira moja.

Ubora wa neno *mtambo* ndio udhaifu wake pia. Siku hizi mtambo ni mashine yoyote, hata kiwanda kizima cha umeme. Agizo la “shusha mtambo kabla ya kuruka ukuta”, ambalo kwa mwenye bunduki hii ni suala la uhai, laweza kueleweka kuwa ni kuiteremsha bunduki nzima. Na hatari yenyewe si ndogo, kwani kidole kilicholowa mvua kikiteleza mtambo ukiwa nusu ya njia, bunduki hulia. Ndiyo sababu mafundi walipokea kwa furaha ubunifu wa Stanton wa mwaka 1867, ambao humfanya mtambo urudi nyuma kidogo wenyewe baada ya kugonga. *Panza mtambo*, usemi uliorekodiwa na watungaji kamusi wa karne ya 19, ulikuwa dhahiri kabisa. *Panza* ni umbo kongwe la kusababisha la kitenzi *panda*. Mahali pake pameshikwa na *koki*, mkopo ambao hauna kosa lolote isipokuwa kwamba hauna kinyume chake. Anayepanza hushusha, anayekoki hufanyaje?

Tatizo kubwa zaidi liko katika neno *risasi*. Kwa asili ni madini, kisha likawa tonge la madini hayo, kisha kifuko kizima chenye baruti, fataki na marisau. Lugha ilikuwa imekwisha kutenganisha vitu hivi: chembe ndogo za kupigia ndege ni marisau, na kifuko kizima ni kiasi, kwa kuwa ndani yake mna kipimo kilichokadiriwa. Jina hilo la pili linastahili kufufuliwa, maana katika bunduki za kale kipimo ndicho kila kitu. Kasiba nyingi za wakati huo zilifumwa kwa tepe za chuma na feleji zilizosokotwa na kuunganishwa motoni, zikakusudiwa baruti nyeusi. Nyingi zina nafasi ya kiasi cha milimita 65, ilhali viasi vya kawaida vya sasa ni vya milimita 70. Urefu huo hupimwa kiasi kikiwa kimekunjuka baada ya kulia. Kabla ya hapo ni kifupi, hivyo huingia bila kukwama na mwenye bunduki haonywi na chochote. Chapa za nyumba za majaribio za London na Birmingham huonyesha kasiba ilijaribiwa kwa baruti gani. Onyo lisemalo tu “usitumie risasi za kisasa” halimwambii msomaji kama linakataza tonge, marisau au kifuko. Namba nayo hupotosha: namba 12 si milimita, bali ni idadi ya matonge sawa yanayopatikana katika ratili moja ya risasi, kila tonge likienea kasiba hiyo. Ndiyo maana namba 20 ni nyembamba kuliko 12.

Kwa nini basi msamiati wa gobori ni tajiri (mdeki, shindilia, gumegume, fataki) na wa bunduki ya kukunjuka ni maskini? Sababu moja haiko katika lugha. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa silaha bora na viasi vyake katika Afrika iliyo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, ukaziachia njia, kwa masharti, bunduki za gumegume zisizo na mifuo. Kwa hiyo wakati ambapo bunduki ya mitambo ya nje ilikuwa imefikia kilele chake katika milima ya Uskoti, mwindaji wa kwale na kanga huku pwani alikuwa angali akishindilia kwa mdeki. Hakukipa jina kitu ambacho hakuruhusiwa kukishika, na walioruhusiwa walikuwa na majina yao tayari.